Kupalia wali: maana ya neno hili jikoni, na kwa nini si "kuongeza moto"

Wanajukwaa, hamjambo nyote.

Juma lililopita binti wa kaka yangu, ambaye yuko Gredi ya 8 katika shule moja ya hapa Nairobi, alinijia na daftari lake la Kiswahili akiwa na huzuni. Walikuwa wametakiwa waeleze maana ya "palia makaa", naye akaandika kwamba ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili chakula kilichomo kiive juu na chini, kisha akaongeza kwamba katika nahau ni kumtia mtu taabuni. Jibu lake lilitiwa alama ya kosa, na pembeni pakaandikwa kwa kalamu nyekundu: "kuongeza moto". Akaniuliza, "Shangazi, si wewe ndiye uliyenifundisha?" Ni kweli, mimi ndiye niliyemfundisha, na mimi nilifundishwa na bibi yangu, aliyepika kwa kupalia maisha yake yote. Sitaki kumlaumu mwalimu, kwa sababu nimeyaona maelezo hayo hayo katika orodha za nahau ambazo wanafunzi hupokezana kabla ya mitihani, na huenda naye alifundishwa hivyo. Ninachotaka ni kulieleza neno hili kama lilivyotumiwa na watu waliokuwa na haja nalo kila siku, maana naona hapa mjini limebaki kwenye karatasi za mitihani huku meko yaliyolizaa yakiwa yamesahauliwa.

Nianze na kitendo chenyewe. Kupalia, katika mapishi, ni kuchota makaa yanayowaka kutoka mekoni na kuyatandaza juu ya kifuniko cha chungu au sufuria, ili chakula kipate moto wa juu. Anayepalia haongezi moto. Kwanza anaupunguza ule wa chini: anaondoa kuni, anabakiza makaa machache na jivu la moto, ndipo anayapandisha juu yale aliyoyachota. Moto uliopo baada ya kupalia ni mdogo kuliko uliokuwapo kabla. Kilichobadilika ni mahali ulipo. Mtu akikutuma ukapalie wali nawe ukasukuma kuni ndani, wali utaungua, na huyo aliyekutuma atajua papo hapo kwamba hukumwelewa.

Bibi yangu alikuwa mzaliwa wa Mombasa, akaolewa akaja Nairobi, na nyumba niliyomkuta nayo ilikuwa Pumwani, moja ya zile nyumba za Majengo zenye ukumbi wa katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Uani ndiko kulikokuwa na mafiga matatu, ingawa ndani alikuwa na jiko la makaa na stovu ya mafuta ya taa. Wali wa nazi wa Ijumaa haukupikwa kwenye stovu hata siku moja. Mchele, ambao yeye aliuita "mtele" kama wasemavyo watu wa Mvita, yaani Mombasa, ulipetwa kwenye ungo na kuchambuliwa mawe. Nazi ikakunwa kwa mbuzi na kuchujwa kwa kifumbu. Tui jepesi ndilo lililotangulia chunguni pamoja na chumvi, likichemka mchele ukatiwa, na tui zito, ambalo yeye aliliita kasimile, likamiminwa mwishoni, lile la kwanza likiwa limekaribia kukauka. Hapo hakuondoka. Aliutazama uso wa wali mpaka vikatokea vitundu vidogo vidogo vya kupitia mvuke, na tui likawa halionekani tena ila kama mng'ao juu ya punje. Ndipo alipozivuta kuni nje ya mafiga, akazizima kwa kuzisokota mchangani, akafunika chungu kwa kifuniko bapa cha bati chenye ukingo, akachukua upawa wa zamani uliokatika mpini, akachota makaa. Aliyapanga kuanzia ukingoni akiingia ndani, na katikati aliacha haba, kwa sababu, alisema, ukingo ndio unaopigwa na upepo.

Siku ya kwanza aliponiachia ule upawa nilikuwa na miaka tisa au kumi, na maneno aliyoniambia ninayakumbuka yote: "Palia, mwanangu, moto wa tini umemaliza kazi yake." (Tini ni chini, kwa Kimvita.) Sijapata kusikia ufafanuzi bora wa neno hili kuliko sentensi hiyo fupi, kwa kuwa imo humo kila kitu: kwamba kuna moto wa chini na moto wa juu, kwamba kila mmoja una kazi yake na zamu yake, na kwamba kupalia huanza pale wa kwanza unapokoma.

Sababu yake inaeleweka vizuri ukiufikiria wali wenyewe. Maadamu maji ni mengi, moto wa chini unatosha, kwa kuwa maji yanayochemka hupanda na kushuka na kulibeba joto mpaka juu. Maji yakishanywewa na mchele, mbebaji huyo hayupo tena. Punje hazisogei, joto hupanda polepole kutoka punje hadi punje, na sehemu inayogusa chungu huendelea kupata moto mkali, hivyo chini panafanya ukoko na kuungua wakati punje za juu zingali na kiini kigumu. Juu nako kuna shida ya pili: mvuke hugonga kifuniko ambacho hakina moto, hugeuka maji, hudondoka, ndipo unapopata wali uliolowa juu na kuungua chini, ukala wa katikati peke yake. Makaa yakiwekwa juu, kifuniko hushika moto, mvuke haugeuki maji, na joto hushuka kutoka upande wa pili kukutana na lile lililopanda. Baada ya dakika 15 hadi 20 wali huwa umekauka juu, umechambuka, na harufu ya nazi imefika mlango wa mbele. Bibi hakuwa na saa jikoni, aliingoja harufu.

Kwenye mikate kazi ya moto wa juu ni kubwa zaidi. Mkate wa sinia, ule wa unga wa mchele, tui, sukari, iliki na hamira, haugeuzwi kama chapati. Uso wake hauwezi kuiva na kupata wekundu usipopaliwa, kwa hiyo hapo kanuni ya wapishi ni makaa mengi juu na machache chini. Mkate wa mayai vilevile. Kwenye wali anayekosea kipimo atapata ukoko mnene tu. Kwenye mkate, mwenye kuacha moto mwingi chini atatoa kitu kilicho cheusi upande mmoja na kibichi upande wa pili.

Sasa niende kwenye neno, kwa sababu ndilo lililonileta. Kisarufi, palia ni kauli ya kutendea ya kitenzi paa. Wengi wetu tukilisikia paa tunafikiria paa la nyumba, au ndege kupaa angani, au yule mnyama wa porini. Lakini kuna kitenzi kingine paa, chenye maana ya kukwangua au kuchota kwa juu juu. Kupaa samaki ni kumtoa magamba kwa kumkwangua. Kupaa moto ni kuchota makaa kutoka mekoni. Ile l inayojitokeza katika palia si ngeni, kwani tunaiona katika vaa na valia, kaa na kalia, zaa na zalia, twaa na twalia: ni sauti iliyodondoka zamani mwishoni mwa mashina hayo, nayo hurudi tunapoongeza kiambishi cha kutendea. Kauli hiyo ina njia zaidi ya moja ya kueleweka, na hapo ndipo utamu wa neno hili ulipo. "Nipalie makaa" inaweza kuwa nichotee makaa, yaani yachote kwa ajili yangu. "Palia wali" ni chota makaa uuwekee wali. Katika sentensi ya kwanza ninanufaika, katika ya pili wali ndio unaofikiwa na moto, na kitendo cha mkono katika zote mbili ni kile kile cha kuchota.

Naona hata kupalilia shamba, kazi ambayo kila mtu aliyekulia bara anaijua, kuna undugu na kitenzi hiki, kwa sababu jembe la palizi halichimbi chini sana, hukwangua udongo wa juu na kung'oa magugu. Na kamusi huonyesha palia yenyewe ikitumika kwa maana hiyo ya shambani. Lakini hapa Nairobi palilia imepata maana nyingine nzuri ya kitamathali, ya kulea na kutunza: tunapalilia uhusiano, tunapalilia kipaji cha mtoto. Kwa hiyo mwanafunzi anayechanganya palia na palilia anaweza kuishia kusema kinyume cha alichokusudia. Kumpalilia mtu ni kumtunza. Kumpalia mtu makaa ni kumuunguza.

Kuna pia kupaliwa, pale chakula au mate yanapoingia njia ya hewa na mtu akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Umbo lake linafanana kabisa na lile la wali uliopaliwa, lakini hakuna anayekosea akisikia sentensi nzima, na sitalitolea maelezo zaidi.

Nimesema kwamba kupalia si kuongeza moto, basi kuongeza moto kunaitwaje? Kunaitwa kuchochea. Unachochea kuni kwa kuzisukuma ndani ya mafiga, moto unapanda, ndimi zinaonekana, sufuria inafoka. Kiswahili cha jikoni kina maneno mengi ya namna hii, kila moja likiwa na mahali pake, na yanapotajwa pamoja ndipo mtu anapoona kwamba hakuna linaloweza kushika nafasi ya jingine. Kuvumbika ni kukizika chakula chenyewe ndani ya jivu la moto, kama muhogo au kiazi kitamu, bila chombo chochote katikati. Kubanika ni kumbana samaki katika kijiti kilichopasuliwa na kumsimamisha kando ya moto. Kutokosa ni kuchemsha kwa maji matupu. Kuteleka na kuinjika ni kuweka chombo motoni, na kukiondoa ni kuipua. Kati ya hayo, injika imehifadhiwa na methali, "Jifya moja haliinjiki chungu", ambayo watoto wetu huikariri vizuri sana bila kuwahi kuliona jifya, yaani figa. Palia imehifadhiwa na nahau kwa njia hiyo hiyo, ila nahau, tofauti na methali, haikubeba chombo pamoja nayo. Methali ina chungu ndani yake na mtu anaweza kukisia. "Palia makaa" haikutaja kifuniko, na kifuniko kilipopotea machoni mwetu, maana ikaanza kuteleza kuelekea kuchochea.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu tofauti ya kuchochea na kupalia ni kubwa hata katika ugomvi wa watu. Anayechochea ugomvi huonekana. Maneno yake yanasikika, moto unaruka, majirani wanatoka nje. Anayempalia mwenzake makaa hufanya jambo la kimya: huyo mwenzake tayari yuko motoni, tayari amefunikwa, hana pa kutokea, kisha mtu anachota kaa moja baada ya jingine na kumwekea juu. Mfanyakazi ameitwa na mkubwa wake kuulizwa juu ya kuchelewa, na mwenzake akiwa amesimama pale anakumbusha kwa sauti ya upole kwamba hata mwezi uliopita alichelewa mara mbili. Hakuchochea, hakuna ugomvi alioukuza. Amempalia makaa. Kiswahili kimetupa maneno mawili kwa sababu ni mambo mawili, na tukisema yote ni "kuongeza moto" tumejinyima moja.

Vichwa vya habari vya Kiswahili hupenda sana umbo la kujirejea, "ajipalia makaa", kwa mtu aliyesema au kutenda jambo lililomletea matatizo mwenyewe. Matumizi hayo ni sahihi. Swali ambalo nimekuwa nikijiuliza ni picha ipi iliyozaa nahau hii, kwa sababu, kama nilivyosema, kauli ya kutendea inakubali zote mbili: kumchotea mtu makaa, au kumwekea mtu makaa juu yake. Binafsi siamini kwamba ni ile ya kwanza. Kabla ya kiberiti kuwa kitu cha kila nyumba, aliyezimikiwa moto alikwenda kwa jirani na kigae au kifuu, akapaa moto, akarudi nao haraka kabla haujafa. Kumchotea mtu makaa ulikuwa wema, na jirani anayekunyima moto ndiye aliyesemwa vibaya. Nahau ya uchongezi haiwezi kuwa imetoka katika kitendo cha ukarimu. Imetoka kwenye kifuniko.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja Mkristo ambaye huamka na Biblia yake kila asubuhi, alinipa ushahidi ambao sikuutazamia nilipomsimulia habari ya daftari. Alinifungulia Warumi 12:20 katika tafsiri ya Union Version, ile iliyochapishwa mwaka 1952 na inayosomwa katika makanisa mengi ya hapa Kenya, mahali Paulo anapofundisha kwamba adui yako akiwa na njaa umlishe na akiwa na kiu umnyweshe, akinukuu maneno ya kitabu cha Mithali, sura ya 25. Imeandikwa "utampalia makaa ya moto kichwani pake". Kichwani, yaani juu. Watafsiri wangeweza kutumia kutia, kuweka, kumwagia, kurundika, walichagua kupalia. Nadhani walilichagua kwa sababu msomaji wao wa wakati ule alikuwa ameyaona makaa yakipaliwa, akajua bila kuelezwa kwamba hayo ni makaa yanayokaa juu, yaliyopangwa kwa mkono. Jirani yangu aliniambia ameusoma mstari huo tangu utotoni na siku zote alidhani kupalia ni kumwaga. Nilimweleza habari ya chungu cha bibi, akarudia kuusoma taratibu. Sidai kwamba nahau imetoka kwenye Biblia, kwa maana bibi yangu alikuwa Mwislamu, hakuwahi kuusoma Waraka kwa Warumi, na nahau alikuwa nayo. Ninachosema ni kwamba vyote viwili, nahau na tafsiri, vilichota kutoka meko yale yale.

Kwa nini neno limefifia Nairobi? Sababu kubwa ni jiko. Kwa muda mrefu mji huu ulipika kwa makaa, na jiko la makaa halizuii kupalia hata kidogo. Majiko yale ya bati yenye udongo ndani, yaliyoenea tangu miaka ya 1980 na yanayotengenezwa na mafundi wa Shauri Moyo na Gikomba, yanafaa sana, kwa sababu unaweza kufunga kimlango cha chini, ukapunguza hewa, ukachota makaa ya juu na kuyapalia. Lakini nyumba za ghorofa zilipozidi, na mitungi ya gesi ya kilo 6 na kilo 13 ilipokuwa ya kawaida, makaa yenyewe yakaondoka jikoni. Marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa Februari 2018 iliyafanya makaa kuwa ghali, na wengi waliokuwa wakinunua kwa mkebe hawakurudi tena. Kwenye gesi hakuna kaa la kuchota. Moto wote uko chini na hauhamishiki.

Watu wakabuni njia nyingine, na moja nataka niiseme kwa sababu ni kinyume kabisa cha kupalia. Wako wanaofunika wali au githeri kwa karatasi ya nailoni chini ya kifuniko ili mvuke usitoke. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku hapa nchini Agosti 2017, lakini mazoea hayo hayakwisha, na ninawasihi wanaoyafanya wayaache, kwa kuwa plastiki haikuundwa kukaa juu ya chakula cha moto. Kwa upande wa upishi, nailoni huuzuia mvuke na kuurudisha kwenye wali, nako kupalia hukausha. Wali wa nailoni ni laini, unaoshikana. Wali uliopaliwa unachambuka. Aliyeuzoea mmoja atautambua mwingine kwa kijiko cha kwanza.

Nimeandika mengi. Wenye matumizi tofauti ya neno hili kutoka kwao, nawaomba waandike hapa chini, hasa waliolelewa na bibi zao.

NYONGEZA YA KWANZA. Nashukuru kwa michango yenu. Nitajibu machache.

Mchangiaji mmoja anasema neno hili si la kale, kwa kuwa Tanzania linatumika mpaka leo. Ni kweli, na nilipaswa kulisema tangu mwanzo. Nina jamaa Tanga, na kwao "umeshapalia?" ni swali la kawaida jikoni kama hapa tunavyouliza "umeshaepua?" Pwani yetu nako halijafa. Nililiita neno lililofifia nikiongea juu ya Nairobi.

Mwingine ameuliza kama anayepika kwenye oveni yenye moto wa juu na wa chini anaweza kusema amepalia. Mimi nisingesema hivyo. Ukitumia oveni umeoka, na kuoka ni neno zuri lenye heshima yake. Kupalia kunadai makaa yaliyochotwa na kuwekwa kwa mkono. Ukiyaondoa makaa kitenzi kinabaki bila kitu cha kushika. Hata hivyo ninakubali kwamba kazi inayofanywa na ile waya ya juu ya oveni ndiyo ile ile iliyofanywa na makaa, na mwenye kutaka mkate wa sinia katika ghorofa ya tano hana njia bora zaidi ya hiyo.

Aliyeuliza kuhusu kifuniko, tafadhali nisikilize vizuri. Kifuniko cha kioo hakipaliwi. Kinaweza kupasuka na vipande vikaingia chakulani, na kile kishikio cha plastiki kitayeyuka. Vile vilivyobinuka juu navyo havifai, makaa yatateleza. Tumia kifuniko bapa cha sufuria, kizito kadiri utakavyopata, chenye ukingo uliosimama. Kishikio chake kikiwa cha chuma hakina neno, ila usikishike bila kitambaa. Na usipalie wala kuwasha jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo imeua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu wingi wa makaa, hakuna kipimo cha kijiko. Yasifunike kifuniko chote kwa wali. Uone bati baina ya kaa na kaa. Kwa mkate, yafunike.

Mmoja ameandika kwamba ni afadhali tukubali "kuongeza moto" kwa kuwa lugha hubadilika. Ninakubali kwamba lugha hubadilika, na sina ugomvi na neno linalobadilishwa na wanaolitumia. Hili halikubadilishwa na wapishi. Halikubadilishwa hata na wanaoitumia nahau, kwani mtu aliyejipalia makaa kwenye gazeti bado ni mtu aliyejitia taabuni, si mtu aliyeongeza moto. Lilibadilishwa na anayekisia, akaliandika kwenye orodha, na mwenye kulieleza sawasawa na bibi zake akatiwa kosa. Hilo ndilo ninalolikataa.

NYONGEZA YA PILI, Jumapili jioni. Leo nimepanda na binti wa kaka yangu juu ya jengo letu, mahali tunapoanika nguo, tukabeba jiko, mkebe mmoja wa makaa, nazi mbili na nusu kilo ya mchele. Hatukuwa na chungu. Tulitumia sufuria na kifuniko chake bapa. Alikuna, akachuja, akatia tui jepesi, na vitundu vilipotokea juu ya wali yeye ndiye aliyeviona kwanza. Tulifunga kimlango cha jiko. Nikampa kijiko kikubwa cha chuma. Kaa la kwanza lilibiringika likaanguka kando ya jiko kwa sababu aliliachia kutoka mbali, kama anayetupa. La pili akaliteremsha karibu na kifuniko, likakaa. Akaanzia ukingoni bila kuambiwa. Alipomaliza akachuchumaa akayatazama makaa yakipauka polepole kwa jivu, kisha akaniuliza: "Shangazi, kwa hiyo aliye ndani hawezi kuyaona?" Nikamwambia hawezi, anayasikia tu joto lake. Akanyamaza kwa muda.

Dakika 20 baadaye tuliondoa makaa kwa koleo, tukapuliza jivu kabla ya kufunua, jambo ambalo ni lazima lifanyike kwa utaratibu la sivyo jivu huingia chakulani. Wali ulikuwa umechambuka, juu mkavu, na ukoko mwembamba wa rangi ya dhahabu chini, ambao tuliugawana. Jirani yangu alipelekewa sahani yake.

Usiku huu ameandika upya jibu lake kwa wino wa buluu chini ya ile alama nyekundu, kwa adabu, akianza na "Mwalimu, naomba kueleza". Ametaja kifuniko, ametaja makaa, ametaja kwamba moto wa chini hupunguzwa kwanza, na mwishoni ametunga sentensi yake mwenyewe: "Nilipomwambia baba kwamba kaka hakusoma, nilimpalia makaa, kwa sababu alikuwa tayari anagombezwa." Daftari linarudi shuleni kesho asubuhi. Mwalimu akijibu, nitaliandika jibu lake papa hapa.